Nyumba Zilizoshuka Mlima

Hoja iliyo mezani ni hii: familia zinazoishi kwenye miteremko mikali ya ukanda wa chai wa Murang'a zihamishwe kabla mvua ndefu hazijaanza, watake wasitake. Tunaijadilia Kangari, Kigumo, kwa kuwa hapa ndipo inapouma. Mji umekaa juu ya mgongo, msitu wa Aberdare nyuma yake, chai kila upande. Ukiiacha barabara kwa hatua chache tu unaanza kuteremka, na hupumziki mpaka mtoni.

Katika nchi za mbali miji mikubwa huweka kumbukumbu za viangazi vyake: joto lililoua wazee, dhoruba iliyong'oa miti, mvua ya mawe iliyovunja vioo vya magari. Sisi Julai yetu ni gathano, ukungu na baridi ya mifupani, na kero yake kubwa ni nguo zisizokauka. Msimu wa kuogopwa ni ule wa njahi, Machi hadi Mei. Na habari za mji mkubwa tunazo pia, kwa makaratasi. Tangu 2017 mamlaka ya usafiri wa jiji, NAMATA, inaihesabu Murang'a ndani ya eneo la jiji la Nairobi, pamoja na Kiambu, Machakos na Kajiado. Kangari basi ni kitongoji cha jiji, ingawa mchuma chai wa hapa hajaambiwa.

Wasemaji ni watano, meza moja ya hoteli, chai ya maziwa na mandazi mbele yao. Si watu fulani. Kila mmoja nimemkusanya kutoka vinywa vingi, ndiyo maana nawaita kwa kazi na umri wao; Guka ni babu.

NAIBU CHIFU: Mimi naunga mkono, na sababu yangu si ya kitabuni. Amri hutoka Nairobi kwa televisheni, ikapita kwa wakubwa wote, ikanifikia mimi kwa simu. Mimi ndiye ninayekwenda na tochi kumwambia mama wa watoto wanne atoke usiku huo. Aende wapi? Kanisani. Jumapili ikifika? Shuleni. Shule zikifunguliwa? Hapo hata mimi hunyamaza. Mwaka 2018 mvua hizi ziliua zaidi ya watu 180 nchini, karibu 50 kati yao Solai peke yake, bwawa lilipopasuka usiku wa Mei 9. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29. Siku chache baadaye serikali ikawapa watu waliokaa chini ya mabwawa 178 saa 24 wawe wameondoka. Saa 24! Afadhali nimhamishe mtu Februari, jua likiwaka, kuliko Aprili gizani.

GUKA: Umemaliza? Sasa nisikilize, Chifu. Mwaka 1961 nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mvua ya mwere ilianza Oktoba, tukangoja ikome, haikukoma. Krismasi ilitukuta tukila ndani ya moshi kwa sababu kuni zote zilikuwa mbichi. Barabara zilikatika, ndege za Waingereza zikawa zinadondosha chakula kwenye wilaya zilizozingirwa na maji. Mvua gani ya siku hizi unaweza kuilinganisha na ile? Na hatukuhama. Hakuna aliyekuja na tochi.

MWALIMU: Mzee anasema kweli, na vipimo vinamuunga mkono. Mvua za 1961 ni miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya mwaka huo na 1964. Tena haikuwa El Niño, jina ambalo siku hizi tunalibandika kwenye kila tone. Ilikuwa Bahari ya Hindi yenyewe: upande wetu ulipata joto, upande wa Indonesia ukapoa, na mawingu yakasukumwa huku. Jambo hilohilo lilirudi 1997, safari hiyo likiwa limeshikana mkono na El Niño, na likarudi tena 2019.

GUKA: Unaona? Mwalimu amekubali.

MWALIMU: Nimekubali kwamba ilinyesha, Guka. Nakuuliza swali moja: mwaka 1961, nyumba ya baba yako ilikuwa wapi?

GUKA: Juu. Pale penye geti langu leo.

MWALIMU: Na chini yake?

GUKA: Chini palikuwa na viazi vitamu, halafu majani ya ng'ombe, halafu mto.

Hapa naomba niingilie, kwa sababu jibu hilo la Guka ndilo lililonifanya niandike. Nimesikia mjadala wa mvua ukiendeshwa miaka mingi kama kwamba mvua ndiyo mhusika pekee. Imezidi, haijazidi, imechelewa, imetuonea. Mteremko hauulizwi kitu.

Tazama jinsi ardhi hii ilivyogawanywa. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwasomba watu wa Fort Hall, Murang'a ya leo, ikawarundika katika vijiji vyenye handaki na walinzi. Nyuma yao vipande vya mashamba vilivyotawanyika vikaunganishwa, na walipotoka vijijini kila ukoo ukakuta ramani mpya. Shamba lilikuwa ukanda mwembamba mrefu, kichwa chake barabarani juu ya mgongo, mkia wake mtoni. Kwa familia moja mpango huo haukuwa na kasoro kubwa. Nyumba juu, mazao katikati, majani ya mifugo na maji chini. Baadaye ikaja chai. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, Nyeri, 1957. KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ikaundwa 1964. Na miaka ya mbele chai ikafunika kila kipande ambacho jembe lingeweza kufika.

Kisha wana wakaoa. Mkubwa alipewa kiwanja karibu na baba, juu. Wa pili akashuka kidogo. Ardhi ya juu, iliyo tambarare, ikamalizwa na nyumba na chai ya mzee, chai ambayo haing'olewi kwa kuwa ndiyo inayoleta bonasi. Kitinda mimba akaonyeshwa mteremko. Historia ya hali mbaya ya hewa katika Kangari, kwa maoni yangu, iko zaidi kwenye mirathi kuliko mawinguni: mvua ya 1961 ilikuta viazi vitamu pale ambapo mvua ya 2024 ilikuta vitanda vya watoto.

KIJANA: Mimi ndiye huyo kitinda mimba. Naendesha boda, kwangu ni chini. Kupata uwanja wa nyumba ya vyumba viwili nilichimba mlima kwa jembe na sururu. Udongo niliotoa nikaumwaga mbele, ndio uwanja wenyewe. Sasa nyuma ya jikoni kuna ukuta wa udongo mwekundu kunizidi kimo. Aprili iliyopita nilipanda juu ya ule ukuta kukata majani ya ng'ombe, nikaona ufa. Nilichukua bua la napia nikalisukuma ndani. Liliingia mpaka mkono wangu ukagusa ardhi kwenye kiwiko, na chini bado palikuwa wazi.

MAMA: Uliufanya nini?

KIJANA: Niliufukia. Nikakanyaga, nikaweka karatasi ya plastiki juu. Mke wangu sikumwambia mpaka mvua zilipoisha.

MAMA: Uongo. Mlango wa jikoni ulikuwa haufungi. Mkeo alikuja kwangu sokoni kununua kabichi akaniambia mlango umevimba. Mlango wa mbao huvimba kwa maji, lakini wa bati je?

MWALIMU: Mlango wa bati ukikataa kufunga, fremu imepinda, na fremu ikipinda, nyumba inasukumwa. Dalili ni hizo: ufa upande wa juu, nguzo ya umeme iliyoanza kuinama, chemchemi iliyokuwa safi ikatoa maji ya matope au ikakauka ghafla. Udongo wetu huu una kina kirefu, umetokana na majivu na mawe ya volkano ya kale. Hunywa maji kwa majuma bila kulalamika. Chini yake kuna tabaka gumu ambalo maji hayapiti haraka. Yakijaa pale katikati, udongo wote wa juu hubanduka kama ukoko kwenye sufuria iliyolowekwa. Kwa hiyo usiku wa maafa mara nyingi si usiku wa mvua kubwa kupita zote. Ni usiku wa mvua ya kawaida baada ya wiki tatu mfululizo.

NAIBU CHIFU: Hapo nimejifunza. Sisi huwa tunangoja ngurumo.

MAMA: Mimi napinga kuhamishwa, lakini si kwa sababu za Guka. Mbona hakuna anayetaja mitaro? Akina mama zetu waliichimba milima hii yote. Mwaka 1948 wakakataa, wakaandamana mpaka boma la Fort Hall wakiimba, kwa sababu kazi ilikuwa ya lazima, asubuhi mbili kwa juma, wanaume wengi wako Nairobi na mashamba ya wazungu. Walikuwa na haki kukataa kushurutishwa. Lakini mitaro yenyewe ilifanya kazi. Leo imejaa udongo, hakuna anayeizibua, kila mtu anangoja kaunti. Zibueni mitaro kabla ya kuwabeba watu kwenye malori.

MWALIMU: Mama, nusu nakubali. Mitaro huzuia maji kukimbia na udongo wa juu. Mmomonyoko huo inautibu vizuri sana. Maporomoko ni ugonjwa mwingine. Mtaro uliojaa kwenye mteremko mkali unayasimamisha maji, yakisimama yanazama, na yakizama yanakwenda palepale kwenye tabaka gumu. Mtaro mzuri lazima uwe na mwelekeo, uyatoe maji pembeni mpaka mahali salama. Na pembeni ni kwa jirani. Jirani hataki maji yako.

MAMA: Hapo ndipo kesi zote za kwa chifu zinapoanzia.

NAIBU CHIFU: Usiniambie. Mipaka na maji, maji na mipaka.

GUKA: Na mikaratusi? Mbona tuliambiwa tupande, halafu tukaambiwa tung'oe?

Walioambiwa wang'oe ni wenye miti ya kando ya mito na chemchemi. Waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, mwana wa Kangema, mlima wa pili kutoka hapa, aliisema vita hiyo kwa nguvu zake zote, kwa hoja kwamba mikaratusi inanyonya vyanzo vya maji. Kwenye mteremko mkavu mzizi mrefu una faida yake. Sitaki kuingia kwenye ugomvi wa miti, ungetumalizia mandazi.

NAIBU CHIFU: Wacha niwape sheria. Kanuni za matumizi ya ardhi za 1965 zinakataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Ziko kitabuni.

KIJANA: Chifu, ukizitekeleza utabaki wewe na posta.

(Wanacheka. Naibu chifu naye anacheka, maana shamba lake liko Kinyona, na Kinyona hakuna tambarare.)

MAMA: Mimi nina neno na watabiri. Mwaka 2015 tuliambiwa El Niño inakuja, tukaambiwa tuweke akiba, serikali ikatenga mabilioni. Huku haikuja kama ilivyotangazwa. Mwaka 2023 idara ya hali ya hewa ikasema mvua itazidi, halafu Oktoba Rais akatuambia tusiogope, haitakuwa ile kubwa. Ikaja, ikaua watu zaidi ya mia nchini. Mimi muuza kabichi nimsikilize nani?

MWALIMU: Utabiri wa msimu unazungumza juu ya nchi nzima na kwa kiasi cha uwezekano. Haukuambii lolote kuhusu mteremko wa huyu kijana. Cha kumsaidia yeye ni kipimamvua hapa hapa na mtu wa kujumlisha. Leo imenyesha kiasi gani, juma hili kiasi gani, mwezi huu kiasi gani. Udongo unajumlisha, sisi hatujumlishi.

NAIBU CHIFU: Lakini kwenye ripoti sisi huandika mabadiliko ya tabianchi.

MWALIMU: Na hamkosei. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipochunguza mvua za 2024, makadirio yao yalikuwa kwamba joto la dunia liliziongezea kiasi cha asilimia 5 hivi, wakakiri kwamba hesabu hiyo ina shaka nyingi, wakaelekeza kidole pia kwa ujenzi holela. Mambo haya hayajanyooka. Tangu miaka ya 1980 mvua ndefu zilikuwa zikipungua wakati mitambo ya kukokotoa ilikuwa ikisema zingeongezeka. Asilimia 5 si kitu cha kudharau. Lakini ufa wa nyuma ya jikoni ulichimbwa kwa sururu.

Nasimama na Mwalimu hapa. Tabianchi inaharibika na waliochafua hewa si watu wa Kangari; hilo lidaiwe kwa sauti kubwa kwenye mikutano inayohusika. Kwenye ripoti ya tarafa, hata hivyo, neno hilo limegeuka mahali pa kujifichia. Likishaandikwa, hakuna anayeuliza nani aliidhinisha mlima ukatwe, wala kwa nini mfereji wa barabara mpya umeelekezewa kwenye paa la mtu.

GUKA: Nyinyi mnaongea mvua, mvua. Kilichoua watu wengi Gikuyu ni jua. Baba yangu alihesabu miaka kwa njaa. Kulikuwa na ile ya mwaka 1943, ya unga wa muhogo. Mimi mwenyewe 1984 nilipanga foleni ya mahindi ya manjano kutoka Marekani. Na baridi? Januari 2012 sakitu ilichoma chai sehemu nyingi za nchi, majani yakawa mekundu usiku mmoja. Na mvua ya mawe? Chai ikipigwa mawe, miezi miwili huchumi kitu.

MAMA: Hata Nyahururu, 2008, mawe yalifunika ardhi wazee wakadhani ni theluji. Watoto wakarusha mabonge.

MWALIMU: Na Kericho makampuni ya chai yalirusha ndege miaka ya sitini kuyapasua mawingu kabla mawe hayajaiva. Fedha ikiwa kwenye kichaka, mtu atapigana hata na wingu.

Hoja ya Guka ina uzito kuliko anavyojua. Njaa ilipata jina kwa sababu ilimkamata kila mtu, ikabaki kwenye kalenda ya ukoo mzima. Maporomoko huchukua nyumba moja, jirani mwenye uwanja wa pili akaamka salama. Baada ya mazishi habari inabaki kwa familia ile, na familia yenyewe mara nyingi huhama. Miaka ishirini ikipita, nyasi zimeota juu ya kovu, mtu mgeni anauziwa kipande pale, anaona kibonde kizuri kilichojikunja mlimani, anajenga. Wanajiolojia Ngecu na Ichang'i walichapisha 1999 uchunguzi wa maporomoko ya kijiji cha Maringa, kwenye miguu ya mashariki ya Aberdare, mlima huuhuu wetu. Uko katika jarida la kitaalamu. Katika ofisi ya chifu, ambako mtu huenda kuandikiwa makubaliano ya kuuziwa ardhi, ningependa kuona ramani ya ukutani yenye alama ya kila mahali palipowahi kubomoka, mwaka pembeni. Wazee wa umri wa Guka wangeijaza kwa wiki moja. Baada yao haitajazika.

KIJANA: Mimi nina swali la pesa. Nairobi inakunywa kutoka hapa. Bwawa la Ndakaini, mita za ujazo milioni 70, lilimalizika 1994. Juzi juzi wametoboa handaki la karibu kilomita 12 chini ya milima yetu, linachota maji ya Maragua, Gikigie na Irati yakienda kwenye bwawa hilohilo. Mvua ikinyesha huku, mimi sipati usingizi, na televisheni inatangaza kwa furaha kwamba Ndakaini inajaa. Mlio na uwezo wa kutoboa mlima kilomita 12 mnashindwa kunijengea ukuta wa mawe mita kumi?

NAIBU CHIFU: Hilo si la ngazi yangu.

KIJANA: Najua. Kila nikiuliza si la ngazi ya mtu.

MAMA: Swali lake halijajibiwa, na mimi naliongezea. Tuseme hoja imepita, wanahamishwa. Wanahamia wapi? Ardhi ya serikali huku juu ni msitu na ukanda wa chai wa Nyayo uliopandwa tangu 1986 kuulinda huo msitu. Huko chini Makuyu ni mananasi ya watu na ukame. Mtampeleka mchuma chai akachume nini?

NAIBU CHIFU: Ndiyo shida. Nimeunga mkono hoja ambayo sina pa kuipeleka.

MWALIMU: Pa kuwapeleka papo. Mita mia moja na hamsini juu ya nyumba ya huyu kijana.

(Wote wanamtazama Guka.)

GUKA: Mnanitazama nini?

MWALIMU: Juu, kando ya barabara, una ardhi tambarare. Chai iko kwenye tambarare na mtoto wako yuko kwenye mteremko. Ingekuwa kinyume. Kichaka kikibomoka tunapanda kingine.

GUKA: Chai ile niliipanda na marehemu mke wangu. Ndiyo iliyosomesha hawa wote. Halafu hati ya shamba bado ina jina la baba yangu. Urithi haujafunguliwa mahakamani. Ndugu zangu wawili lazima waweke sahihi, na mmoja wao hatuongei tangu 2007.

NAIBU CHIFU: Hilo sasa ni la ngazi yangu. Mlete huyo mmoja ofisini Jumanne, nitawakalisha.

GUKA: Hatakuja.

NAIBU CHIFU: Atakuja. Naye ana kijana wa mwisho, na najua alikojenga.

(Guka anakoroga chai ambayo imekwisha kupoa.)

GUKA: Nyumba ya vyumba viwili inataka mistari mingapi ya chai?

KIJANA: Kumi, pamoja na choo na banda la ng'ombe.

GUKA: Minne.

MAMA: Guka, mistari minne atalala yeye, mke alale kwako.

GUKA: Sita, basi. Na ng'ombe abaki chini. Ng'ombe hana haja ya barabara.

KIJANA: Ng'ombe abaki chini ya ule ufa? Maziwa yake si ndiyo unayokunywa wewe kila asubuhi?